Florosisi ya meno
Florosisi ya meno ni badiliko la enameli (tabaka gumu la nje la jino) linalosababishwa na floridi kuzidi mwilini wakati meno yanapoundwa, hasa kabla ya umri wa miaka 8. Meno huota yakiwa na mabaka meupe. Hali ikiwa kali, huwa ya kahawia na yenye vishimo.

Inapatikana sana katika maeneo ya volkeno ya Afrika Mashariki, k.mf. mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Magadi ya kupikia pia yanaweza kuwa na floridi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuondoi floridi.

Matibabu

Madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Yaliyo mepesi hupunguzwa na daktari wa meno kwa dawa ya peroksidi au kwa kusugua tabaka la juu kabisa. Meno yaliyoharibika zaidi hufunikwa kwa kompositi, vigamba vyembamba vya kauri au taji. Kwa kawaida vigamba na taji huhitaji jino lichongwe kwanza, na enameli iliyochongwa hairudi tena.