Kuli, Kontena na Wakala

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara. Nguvu yao ilitokana na kazi yenyewe: kila gunia la kahawa lilipita mikononi mwao kabla ya kuingia melini. Mikono ikikataa, mali haiondoki.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwenyewe, Malcom McLean, alikuwa bepari wa malori, wala si baharia. Alichotaka ni kupunguza gharama ya mikono, na baadaye winchi ilichukua nafasi ya magenge ya makuli duniani kote.

Hapo ndipo wengi wetu huishia, ndugu. Lakini kontena likishapigwa lakiri mali haionekani tena. Kinachoonekana ni karatasi. Wakala wa forodha ndiye anayeiambia dola kilichomo, uzito wake na thamani yake. Kahawa ikiandikwa bei ya chini, fedha za kigeni hubaki ng'ambo, na hakuna kuli wa kushuhudia.

Mwaka 1973 Tanzania iliunda NASACO, shirika la umma la uwakala wa meli. Uwakala wa meli si uwakala wa forodha, ingawa makada huchanganya mambo hayo. Wa kwanza humtumikia mwenye meli. Wa pili humtumikia mwenye mali, ambaye mara nyingi si mkulima aliyeivuna.