Tiba ya Mkono na Maumivu ya Shingo

Neno kiropraktiki lina asili ya Kiyunani, nalo limeundwa kwa maneno mawili: mkono na tendo. Aliyeliunda hakuwa tabibu bali kasisi, Samuel Weed, aliyekuwa mgonjwa wa Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1896. Kwa tafsiri nyepesi ni kazi ya mkono. Jina hilo ni la unyenyekevu, lakini madai yaliyolifuata hayakuwa hivyo. Historia ya tiba hii ni historia ya umbali baina ya jina na madai, na ya namna umbali huo ulivyopungua katika muda wa zaidi ya miaka mia.

Kuuganga uti wa mgongo kwa mkono si jambo la juzi. Maandishi ya Kiyunani yanayonasibishwa na Hippocrates yanaeleza jinsi ya kumlaza mgonjwa juu ya ubao, kumvuta kichwani na miguuni, na kuukandamiza mgongo. Ibn Sina naye, katika Kanuni yake ya tiba ya karne ya 11, alizungumzia pingili zilizohama. Ulaya walikuwapo waunga mifupa waliorithishana ufundi katika jamaa zao, kama vile mwambao wa Afrika ya Mashariki ulivyo na wachuaji na waunga mifupa wake. Palmer, basi, hakuvumbua kazi ya mkono. Alichovumbua ni nadharia.

Alizaliwa Kanada mwaka 1845, akafuga nyuki na kuuza vyakula kabla hajageuka mganga wa sumaku. Mwezi Septemba 1895, kwa mapokeo ya wafuasi wake, alimganga Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyekuwa msafishaji wa jengo alimofanyia kazi. Lillard alikuwa kiziwi kwa miaka 17. Palmer alisukuma pingili ya mgongo iliyojitokeza, na Lillard akasema anasikia. Wapinzani waliuliza swali ambalo lingalipo hadi leo: mshipa wa fahamu wa sikio hutoka ubongoni wala haupiti mgongoni, basi mkono uliowekwa mgongoni umelifikiaje sikio? Badala ya kulipunguza dai, Palmer alilipanua. Kufikia 1910 aliandika kwamba magonjwa 95 katika kila 100 hutokana na pingili zilizohama.

Dai kubwa huzaa uadui mkubwa. Mwaka 1906 Palmer alitiwa hatiani kwa kutibu bila leseni, akachagua jela badala ya faini, na wanafunzi wake wengi walimfuata gerezani katika majimbo mbalimbali. Kansas ilipitisha sheria ya kuitambua kazi yao mwaka 1913. Louisiana, jimbo la mwisho, ilichelewa hadi 1974. Wakati huo huo Chama cha Madaktari cha Marekani kilikuwa kimeunda, mwaka 1963, kamati ya kupambana na matapeli wa tiba, na lengo lake kuu lilikuwa kuiondoa kiropraktiki. Madaktari walikatazwa kushirikiana na watu hao. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake walikishtaki chama hicho. Mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba kimevunja sheria ya ushindani, na hukumu ikathibitishwa katika rufaa mwaka 1990. Lakini jaji alitahadharisha kwamba hakuwa akiamua kama tiba yenyewe ni ya kisayansi. Mahakama iliwapa haki ya kufanya kazi. Ushahidi walibaki kuutafuta wenyewe.

Ushahidi huo haukupatikana sikioni, bali mgongoni na shingoni. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu, na mishipa ya chini ndiyo iendayo mkononi. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr walionyesha kwamba gegedu lililo baina ya pingili laweza kupasuka na kuubana mshipa. Ukibanwa mshipa wa 6, ganzi aghalabu huhisiwa kwenye kidole gumba. Ukibanwa wa 7, kwenye kidole cha kati. Katika miaka ya 1950 wapasuaji walipata njia ya kulifikia gegedu hilo kwa mbele ya shingo, na hapo swali likawa: nani hasa anahitaji kisu?

Jibu lilishangaza. Watafiti wa Rochester, Minnesota, walichapisha mwaka 1994 habari za wagonjwa 561 wa namna hiyo. Takriban robo yao walipasuliwa, lakini mwisho wa ufuatiliaji 9 katika kila 10 walikuwa hawana maumivu, au wana machache tu. Maana yake ni kwamba wengi hupona bila kisu, na kwamba mganga yeyote wa maradhi haya ataonekana hodari, maana muda humfanyia nusu ya kazi. Ndiyo sababu kulinganisha ni lazima. Utafiti wa mwaka 2012, uliowahusu watu 272 wenye maumivu ya shingo, ulikuta kwamba baada ya majuma 12 kazi ya mkono ilishinda dawa, lakini mazoezi mepesi ya nyumbani yalikaribia kuwa sawa nayo.

Hatari nayo isifichwe. Ateri ziendazo ubongoni hupita katika matundu ya pingili za shingo, na zikichanika huweza kuleta kiharusi. Hutokea kwa nadra, na wataalamu wanabishana: je, mkono ndio uliochana, au mgonjwa alikuja kwa sababu ya maumivu ya ateri iliyokwisha kuanza kuchanika? Lisilobishaniwa ni kwamba mkono unaozidi kulegea, au miguu inayoyumba, si ya kuchuliwa bali ya kupelekwa hospitali.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tiba iliyotaka kuponya kila maradhi imerejea shingoni na mgongoni, na hapo ndipo ilipopata heshima ambayo nadharia ya Palmer haikuweza kuipatia.