Atomium na Watu wa Kijiji: Vipimo vya Mwaka 1958

Muhula uliopita, tulipokuwa tukiunda kwenye kompyuta mandhari ya Maonyesho ya Dunia yaliyofunguliwa Brussels Aprili 1958, Atomium ilitushinda kwa siku mbili. Kila tulipokuza matufe yake, mabomba yanayoyaunganisha yalimezwa. Kosa lilikuwa la wanagenzi: tulikuza kila tufe peke yake badala ya kuyafunga yote pamoja na kuyakuza kutoka kitovu kimoja.

Kumbe hata Atomium yenyewe haikufuata kipimo kimoja. Mhandisi André Waterkeyn alichukua umbo la fuwele ya chuma, lenye atomu tisa, likakuzwa mara bilioni 165 hadi likafika mita 102. Lakini kiasi hicho kinahusu umbali kati ya atomu tu. Kama atomu nazo zingekuzwa vivyo hivyo, zikigusana kama zinavyochorwa katika vitabu vya fizikia, kila tufe lingekuwa na kipenyo cha karibu mita 40. Yaliyojengwa yana mita 18. Ndipo ikapatikana nafasi ya mabomba ambamo wageni hupita, na kwa hilo hatuna ugomvi na mhandisi.

Ugomvi ulizuka penye sehemu ya Kongo. Huko Wabelgiji waliweka “kijiji”, na mafundi wa Kikongo wakafanya kazi zao mbele ya umati, nyuma ya uzio wa mianzi. Baadhi ya wageni waliwarushia sarafu na ndizi. Nchi inayoizidi Ubelgiji kwa eneo zaidi ya mara 70 ilionyeshwa ndani ya bustani.

Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Bukavu alisimamisha picha akauliza: mbona wageni wana mita 1.7 na wanakijiji 1.4? Tukakagua. Vibanda havikuenea kiwanjani, basi mmoja wetu alivipunguza, na watu waliofungwa navyo wakapungua pia. Hakuna aliyekusudia. Hakuna aliyegundua pia, kwa wiki tatu nzima.

Tuliwarudishia watu kimo chao, tukapanua kiwanja. Halafu tukarekebisha kalenda: Wakongo wale walichoshwa na kejeli, wakaondoka Julai, ilhali maonyesho yaliendelea hadi tarehe 19 Oktoba. Katika mandhari yetu sasa, kuanzia Julai vibanda ni vitupu, na wageni bado wanachungulia uzioni.