Kiti ya Nyuma Ndiyo Inalipa

Kiti cha pikipiki ya mjomba wangu kilikuwa viti viwili. Nusu ya nyuma, anapokaa abiria, ilikuwa nene, laini, imevishwa leza nyekundu inayong'aa. Nusu ya mbele, anapokaa yeye, ilikuwa bapa kama chapati ya jana, na upande mmoja ilishikiliwa na selotepu nyeusi. Siku moja nikamuuliza kwa nini fundi alishughulikia nyuma akasahau mbele. Hakucheka.

"Kijana, kiti ya nyuma ndiyo inalipa."

Sikuielewa sentensi hiyo hadi nilipoendesha pikipiki hiyo hiyo kutoka Nakuru hadi Eldoret, kilomita 150 na ushee. Lakini nikianzia safari hiyo nitakuwa nimeanzia katikati. Hadithi ya kiti inaanza na baiskeli, mbali kidogo na hapa, mpakani Busia.

Miaka ya 1960, kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi kisicho cha mtu, karibu kilomita moja. Magari hayakuruhusiwa kuvuka bila makaratasi chungu nzima, na kutembea na mzigo juani ni adhabu. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Walikuwa wakiwaita wasafiri kwa Kiingereza, "border! border!", yaani mpaka hadi mpaka, na kwa midomo yetu ikawa boda boda. Hilo labda unalijua. Ambalo watu hulipita haraka ni kwamba baiskeli peke yake haikutosha. Keria ya nyuma ilikuwa vyuma vitupu, vya kufungia gunia. Ili mama mwenye kikapu akubali kuketi hapo na kulipa, ilibidi keria ivishwe mto: sponji, kitambaa, kamba. Ukiniuliza mimi, boda boda ilizaliwa siku keria ilipovishwa mto, kwa sababu baiskeli zenyewe zilikuwepo zamani.

Sasa linganisha na Uingereza. Pikipiki za mwanzo huko zilikuwa na tandiko moja la ngozi lenye springi, la mwenye pikipiki. Nyuma yake palikuwa na chuma juu ya madigadi. Ukitaka kubeba mchumba wako, unafunga kamto hapo na kumwombea. Hata jina la Kiingereza la kiti hicho, "pillion", ni la enzi za farasi na asili yake ni kamto kadogo. Gurudumu la nyuma kwa miaka mingi halikuwa na shoki. Springi za tandiko ndizo zilizobeba uti wa mgongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo shoki za nyuma na kiti kirefu cha watu wawili vikawa vya kawaida. Mwaka 1950 kampuni ya Norton ilileta fremu mpya ya mashindano, na dereva wao Harold Daniell akasema ni kama kuendesha ukiwa juu ya godoro la manyoya. Jina likaganda: Featherbed.

Umeona tofauti? Kule, raha ilianzia mbele, kwa mwenye mali, ikarudi nyuma polepole. Kwetu ilianzia nyuma, kwa mwenye nauli, na mbele haijafika vizuri mpaka leo. Raha humfuata anayelipa.

Mjomba alianza na baiskeli. Hapa Nakuru walikuwa wengi, wakipanda na kushuka kati ya mjini na mitaa, kila mmoja na keria yake yenye mto na vishikio vya abiria. Kisha, kufikia mwaka 2008, serikali ikawa imeondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile zisizozidi 250cc, na mashine za India na China zikaingia kama mvua. Kabla ya hapo, pikipiki kijijini ilikuwa ya afisa wa kilimo, padri au chifu. Ghafla ikawa ya kila kijana mwenye shamba la kuuza au mama wa kumkopea. Mjomba aliuza ng'ombe mmoja, akachukua mkopo, akanunua Boxer.

Boxer ni mashine ya Bajaj, na ilichorwa ikimfikiria mtu wa India anayeenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Dakika ishirini, labda arobaini. Kiti chake kinatosha kwa hilo. Hapa mtu anakikalia saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, na nyuma yake kuna abiria, gunia la viazi, mlango wa mbao, au jeneza. Jua kali ndio walioimaliza kazi ambayo kiwanda hakikuijua: keria ya chuma kinene, vyuma vya kukinga miguu, mwavuli mrefu unaofunika watu wawili, mifuko ya manyoya ya kuingiza mikono kwenye usukani. Na kiti. Kila mara kiti, na kila mara kuanzia nyuma.

Kiti hicho ndicho kilinilipia karo. Nasema hivi ili ujue deni lenyewe. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na sababu zangu sitazimwaga hapa. Siku ya kuondoka, mjomba alikuja na Boxer kunichukua kwenye chumba nilichopanga. Alifunga godoro langu kwenye keria, akanikalisha katikati, na hatukuongea mpaka nyumbani. Hakuuliza hata swali moja. Hiyo ni mbaya kuliko kuulizwa.

Mwaka jana mgongo wake ukagoma. Alikuwa akiamka akiwa amekunjika kama panga la kukunja, anajishika ukutani mpaka anyooke. Daktari akamwambia apumzike mwezi mzima. Wiki hiyo hiyo mimi nikapata kazi ya kuandika makala Eldoret, nauli sina, leseni ninayo. Akanirushia ufunguo akiwa amelala. "Enda pole pole."

Kilomita ishirini za kwanza nilijiona mfalme. Salgaa nikaanza kukaa upande mmoja, kisha wa pili. Kuna mifupa miwili chini ya makalio ambayo hujui unayo mpaka sponji iishe, na sponji ya mbele ilikuwa imeisha zamani. Nilikuwa nimekalia bati. Kiti kilikuwa kinainamia mbele, kwa hivyo nilikuwa nateleza kuelekea tangi na kujisukuma nyuma kwa mikono. Mikono ikachoka. Mtetemo wa injini ndogo iliyokamuliwa ukaingia vidoleni hadi vikafa ganzi. Halafu kuna baridi: Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Timboroa inapita 2,700. Nilikuwa na gazeti kifuani chini ya jaketi, mbinu ya wazee, na bado meno yalikuwa yanagongana.

Pale Sachangwan, ambapo mwaka 2009 lori la mafuta lilipinduka na moto ukaua zaidi ya watu mia moja, niligundua jambo lililonitisha. Trela lilinipita karibu sana na sikuwa nimeliona likija. Kioo kilikuwepo, mimi ndiye sikuwa nakitazama. Nilikuwa nawaza makalio yangu tu. Maumivu hula macho. Watu huongea juu ya kiti kizuri kama anasa, kama kuweka redio. Kwenye barabara ile, mwenye mgongo unaouma ni mtu anayeendesha akiwa nusu kipofu. Mjomba aliendesha hivyo zaidi ya miaka kumi, na mimi darasani nikila jasho lake.

Niliporudi nilienda kwa fundi wa viti. Nakuru tuna mtaa unaoitwa Kiti, lakini huyu wangu hayuko huko. Yuko chini ya bati, na cherehani moja na kisu kirefu cha kukatia sponji. Aliibonyeza nusu ya nyuma kwa kidole kimoja, ikazama yote.

"Hii ni ya kudanganya customer," akasema. "Ukikalia dakika tano ni tamu. Saa moja, uko kwa chuma. Ya safari inataka kitu ngumu kidogo. Uko na hai density?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa chumbani kwangu, na nililala juu yake miaka mitatu nikijifunza mambo ambayo sikuyamaliza. Nikaileta. Akakata kipande upande wa miguuni, na tangu siku hiyo visigino vyangu vinaning'inia. Alikiinua kiti mbele ili mtu asiteleze, akakipanua nyuma kidogo ili mifupa ile miwili ipate pa kukaa, akalainisha kingo zinazokata mapaja. Akaweka nailoni chini ya leza, na mshono akaupeleka pembeni, kwa sababu mshono wa katikati huchoma na huingiza maji. Kisha akanionyesha vitu vya bure ambavyo hakuna aliyewahi kuniambia. Shoki za nyuma zina pete ya kuzungusha: mjomba alikuwa ameikaza mwisho kwa ajili ya mizigo, kwa hivyo ukiwa peke yako kila shimo linakuja moja kwa moja mgongoni. Tukaishusha hatua mbili. Usukani tukauzungusha kidogo uje karibu na kifua. Vishikio tukavivisha vipande vya tyubu kuukuu ili vinyonye mtetemo.

"Na usimame kila saa," akasema. "Hata trela husimama."

Mjomba alipopona alitoka nje asubuhi, akakiangalia kiti bila neno. Akakikalia. Akainuka, akakalia tena, akajivuta nyuma kama mtu anayetafuta shimo lake la zamani na halipo. Nilimwona akinyoosha mgongo. Nilingoja aseme kitu, hata aulize godoro langu limefanywa nini.

Akageuka, akaibonyeza nusu ya nyuma kwa kiganja.

"Huku hukuguza?"

"Hapana, anko."

"Sawa basi." Akavaa helmeti, akapiga kiki, akaenda steji.