Kidirisha cha asilimia 0.006

Mwaka 1997 Microsoft walitoa Internet Explorer 4, na ndani yake kulikuwa na amri ya JavaScript iitwayo showModalDialog. Kazi yake: inafungua kidirisha, halafu programu ya ukurasa inasimama palepale hadi mtumiaji ajibu na kukifunga. Kwa mtu aliyekuwa anaunda mfumo wa ofisini, wa kuchagua mteja au kuidhinisha malipo, hii ilikuwa raha tupu. Mstari mmoja tu, basi. Vivinjari vingine vikaiga.

Sasa, shida iko kwenye huko "kusimama". Injini ya kivinjari haiwezi kusimama kabisa, maana kidirisha chenyewe kinahitaji kuchorwa na kubofywa. Kwa hiyo ndani ya mzunguko wake wa kazi inabidi uanzishwe mzunguko mwingine, huku msimbo wa kwanza ukiwa umening'inia katikati. Kila anayeandika sehemu nyingine ya injini lazima ajiulize: vitu ninavyovitegemea vinaweza kubadilika au kufutwa wakati mimi nimesimama hapa? Akisahau kujiuliza, hitilafu imezaliwa, na nyingine ni za usalama.

Aprili 2013 Google walijitenga na mradi wa WebKit wakaanzisha injini yao, Blink. (Kichekesho ni kwamba Blink haijawahi kukubali tagi ya blink, ile ya kufanya maandishi yawake na kuzimika.) Walisema wataweza kufuta mafaili zaidi ya 7,000, yenye mistari zaidi ya milioni 4.5. Kwa vipengele vya zamani, utaratibu ukawa kuhesabu kwanza: kivinjari kinapima ni sehemu gani ya kurasa zinazofunguliwa inatumia kipengele fulani. Ya showModalDialog ilikuwa chini ya asilimia 0.006. Chrome 37, Agosti 2014, ikaiondoa.

Kelele zilitoka maofisini. Google walikuwa wameacha mpangilio wa kuwawezesha wasimamizi wa mitambo kuirudisha kwa muda, nao ukafungwa 2015. Firefox wakaiondoa 2017.

Mimi naona kuiondoa kulikuwa sahihi. Kipimo ndicho kinachonitia wasiwasi. Kinahesabu ufunguaji wa kurasa, kwa hiyo habari uliyoitupia jicho sekunde tatu ina uzito sawa na ukurasa unaopitisha mishahara ya watu mia mbili. Tena kompyuta za makampuni mara nyingi zimezimiwa utumaji wa takwimu, yaani wale wanaoumia zaidi ndio wasiohesabiwa.

Julai 2021 ikawa vilevile. Chrome 92 ilizuia vidirisha vya alert kwenye fremu zinazotoka tovuti nyingine, matumizi yakiwa madogo. Kumbe tovuti za kufundishia programu huendesha msimbo wa mwanafunzi ndani ya fremu za namna hiyo, na alert ndiyo amri ambayo wengi hufundishwa mwanzoni kabisa. Walimu wakalalamika, na ndani ya wiki chache Google wakaahirisha.