Marathoni ya Kilimanjaro: jua la Moshi na mpando wa Mweka

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wa Moshi ulioko kaskazini mwa Tanzania hupokea maelfu ya wakimbiaji wa mbio za Kilimanjaro. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 2003. Zipo za kilomita 42.195, zipo za nusu yake, na zipo za kilomita 5 ambazo wenyeji hushiriki pamoja na watoto wao. Makala haya yanahusu zile ndefu, kwa ajili ya msikilizaji wa hapa Rwanda au wa Burundi ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 20 bila taabu na sasa anafikiria kuvuka mpaka wa Rusumo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Moshi si mahali rahisi pa kukimbilia marathoni. Theluji inayoonekana kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, humdanganya mgeni. Mji wenyewe umo chini, mita mia nane na kitu tu, na msimu wa mbio ni ule wa kaskazi, kabla mvua za masika hazijaanza. Mchana joto huvuka nyuzi 30 za Selsiasi. Aidha, katika siku hizo jua la adhuhuri huwa karibu kabisa na utosi, kwa kuwa Moshi iko kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta na jua hupita juu yake katikati ya Machi. Kivuli cha mtu husinyaa chini ya miguu yake.

Njia yenyewe

Mbio huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wanaokwenda kilomita 42 huondoka asubuhi na mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Nusu ya kwanza huwapeleka kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam, kisha hugeuka na kuirudia njia ileile hadi mjini. Sehemu hii haina milima ya kutisha, na hapo ndipo penye mtego. Hewa bado ni baridi kidogo, miguu ni mipya, umati unashangilia, na mtu hujikuta akienda kasi asiyoweza kuilipia baadaye.

Baada ya hapo njia huelekea mlimani, kwenye barabara ya Mweka. Wapanda mlima wanalijua jina hili, kwani njia ya Mweka ndiyo hutumiwa na wengi wao kuteremkia, na hapo pia kipo Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kilichofunguliwa mwaka 1963. Mkimbiaji hupita katikati ya migomba na mikahawa ya Wachaga, akipanda kwa takriban kilomita kumi, kutoka mita mia nane na kitu hadi karibu mita 1,150. Si mpando mkali wa kumlazimisha mtu atambae. Ni mpando usiokoma: ukidhani umefika juu, barabara hukunja kona na kuendelea kupanda. Kisha hugeuka, na kilomita kumi za mwisho huwa za kuteremka kurudi mjini.

Sasa tupige hesabu ya saa. Mtu wa kawaida, anayemaliza kwa saa tano, huanza kuupanda Mweka mnamo saa tatu asubuhi na kufika kileleni mwa njia saa nne na robo hivi. Atateremka kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, wakati jua limekwisha kukaa sawasawa. Washindi, wanaomaliza kwa saa mbili na dakika kadhaa, huwa wamekwisha kuoga. Kwa hiyo joto la Moshi ni mzigo wa wale wa nyuma zaidi kuliko wa wale wa mbele, na ushauri unaochukuliwa kutoka kwa mabingwa haumfai kila mtu.

Joto linafanya nini mwilini

Marathoni hukimbiwa vizuri zaidi penye ubaridi wa nyuzi 10 hivi. Sababu ni kwamba misuli ya mwanadamu haitumii vyema nguvu inayoizalisha: katika kila sehemu 100, ni 20 hadi 25 tu zinazomsogeza mtu mbele, zilizobaki hugeuka joto. Mkimbiaji wa kilo 60 hutumia takriban kilokalori 60 kwa kila kilomita. Mwisho wa safari atakuwa ametumia karibu 2,500, na kama 2,000 kati ya hizo zitakuwa joto ambalo mwili hauna budi kulitoa nje. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa kilokalori 580 hivi. Iwapo jasho lingekuwa njia pekee, zingehitajika lita tatu na nusu zilizokauka kikamilifu. Zingatia neno hilo, kukauka. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu, na ndiyo maana hewa yenye unyevunyevu ni adui mkubwa kuliko jua peke yake. Waandaaji wa mbio duniani hutumia kipimo kinachochanganya mambo hayo: asilimia 70 ya uzito wake hutokana na unyevunyevu, 20 na mionzi ya jua, na 10 tu na joto la hewa tunalolisoma kwenye kipimajoto cha kawaida.

Hata waliobobea hushindwa. Katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane ili kulikwepa jua, lakini joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevunyevu ulikuwa mwingi. Wanawake 68 walianza, 40 tu wakamaliza. Mwaka 2007 mbio za Chicago zilisimamishwa zikiwa katikati kwa sababu ya joto. Upande wa pili upo mfano wa jirani zetu: Septemba 2025 mjini Tokyo, katika asubuhi ya joto na unyevunyevu, Mtanzania Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Simbu alikaa na kundi na kungoja.

Maandalizi kwa anayetoka Kigali

Anayeishi Kigali ana vilima vya bure. Anayepanda kutoka Nyamirambo kuelekea Mlima Kigali mara mbili kwa wiki hatauogopa Mweka, na kuishi kwenye mita 1,500 kunamsaidia pia. Asichokuwa nacho ni joto. Zile Jumapili ambazo barabara za jiji hufungwa kwa magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016, ni nzuri kwa masafa marefu, ila hufanyika asubuhi ambapo hewa ni ya kupendeza mno. Wa Bujumbura, kinyume chake, ana joto la kando ya ziwa kila siku, lakini hana budi kukipata kilima.

Mwili huzoea joto ndani ya siku 10 hadi 14. Katika siku chache za kwanza maji ya damu huongezeka. Baadaye mtu huanza kutoka jasho mapema, kwa wingi, na jasho lenyewe huwa na chumvi kidogo kuliko awali. Ili kuyapata hayo, mazoezi mepesi ya saa moja hivi yafanyike saa tano au saa nane mchana badala ya alfajiri, katika wiki mbili za mwisho kabla ya safari. Mwenye ndugu Bugarama, kule bondeni Rusizi ambako ndiko chini zaidi na kwenye joto zaidi katika Rwanda, ana sababu njema ya kuwatembelea. Asiyeweza kutoka kazini mchana anaweza kuoga maji moto kwa nusu saa mara tu baada ya mazoezi ya jioni, siku sita mfululizo. Njia hii imejaribiwa na wataalamu na inasaidia, mradi asiwe peke yake nyumbani na atoke mara ahisipo kizunguzungu. Mazoea haya hayadumu. Hupotea ndani ya wiki chache, hivyo kuyafanya Desemba kwa ajili ya Machi ni kupoteza muda.

Mpandoni, saa ya mkononi haina maana. Kipimo ni pumzi: ukiweza kutamka sentensi fupi, uko sawa, ukibaki na neno mojamoja, punguza. Kutembea sehemu kali za Mweka si aibu, na mara nyingi anayetembea kwa hatua ndefu humfikia juu yule anayekokota mbio. Kuteremka kuna adhabu yake. Misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikivutwa huku inajikaza, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika. Hatua fupi na za haraka hupunguza mshindo. Kuachia mwili ubingirike kama pipa kwa furaha ya kuteremka kunalipiwa katika kilomita tatu za mwisho.

Maji: kidogo na mengi

Wengi huambiwa wanywe kadiri iwezekanavyo. Ushauri huo ni wa hatari. Utafiti uliofanywa katika marathoni ya Boston mwaka 2002 uliwapima wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu wa chumvi katika damu, hali inayoletwa hasa na kunywa maji kupita kiasi na inayoweza kuua. Walio hatarini zaidi ni wale wa polepole, kwa sababu hukaa barabarani muda mrefu na kusimama kila kituo. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa.

Njia ya kujua kiasi chako ni mizani. Jipime kabla na baada ya saa moja ya kukimbia juani, bila kunywa: kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho. Siku ya mbio kunywa unapohisi kiu, usilenge kurudisha kila tone, na mwisho wa mbio usiwe na uzito kuliko ulioanza nao. Maji ya kujimwagia kichwani na shingoni ni ya thamani pia, tena si lazima yawe ya kunywa. Dawa za maumivu, hasa ibuprofeni, zisimezwe kabla wala wakati wa mbio, kwani huongeza mzigo kwa figo zilizokwisha kuelemewa. Na mwenye homa wiki ile, iwe malaria au mafua, abaki kitandani.

Anapozidiwa mtu

Sisi tunaotafsiri habari tuna tatizo la jina. Vitabu huita hali hii kiharusi cha joto, lakini kwa msikilizaji wa kawaida kiharusi ni kupooza upande mmoja, na aliyezidiwa na joto hapoozi. Pengine ni heri kueleza: ni pale joto la mwili linapovuka nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika. Mtu huyumba, hujibu maswali ovyo, hugomba na anaowajua, au huanguka. Msidhani kwamba jasho likiwapo yuko salama. Mkimbiaji anaweza kuzidiwa akiwa amelowa chapachapa.

Hapo dakika zinahesabika. Apoozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Lililo bora ni kumtumbukiza hadi shingoni katika maji yenye barafu huku mtu akikishikilia kichwa chake. Yasipopatikana, avuliwe nguo za nje na kumwagiwa maji baridi bila kukoma, ya ndoo, ya pipa, hata ya bomba la shambani, huku akipepewa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Kumpakia kwenye gari bila kumpooza na kuanza kutafuta hospitali ni kosa la nia njema ambalo limegharimu maisha ya watu.

John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho na goti lililofungwa bendeji, hutajwa kila mara kama kielelezo cha kutokata tamaa, naye anastahili. Hata hivyo, goti si ubongo. Anayehisi ubaridi wa ghafla juani, nywele kusimama, au miguu kutotii, asimame kivulini na awaite wahudumu. Mbio zitakuwapo mwakani.

Safari na saa

Barabara ya kutoka Rusumo hupitia Nzega, Singida nyumbani kwa Simbu, Babati na Arusha. Ni safari ndefu, na vizuri ufike siku mbili kabla. Muhimu zaidi, saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja. Saa kumi na mbili ya Moshi ni saa kumi na moja ya Kigali, na asiyesogeza mishale ataufikia uwanja wenzake wakiwa wameshaondoka.

Kwa marejeo, ijulikane kwamba maumivu ya mapaja yaletwayo na mteremko hufikia kilele kama siku ya pili, wakati ambapo aliyekimbia Jumapili huenda bado yuko ndani ya basi. Achague kiti cha kando ya njia, ashuke kila gari linaposimama, na akitembeza miguu aanze kwa kuteremka ngazi za basi kinyumenyume. Abiria wenzake watacheka, lakini mapaja hayatauma sana.