Kiti cha Spika na Kiti cha Momba

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yawapa wabunge kazi ya kumchagua Spika wao, ama miongoni mwao, ama miongoni mwa watu wenye sifa za kuwa wabunge. Spika huongoza mijadala na kulinda kanuni. Kadhalika yeye ndiye aiarifuye Tume ya Uchaguzi kwamba kiti fulani ki wazi. Asipotamka, kiti hubaki na mwenyewe.

Uzito wa jambo hili waonekana katika historia ya Nyanda za Juu Kusini. Tangu 1965, chini ya chama kimoja, uanachama wa TANU ulikuwa ndio mlango wa Bunge. Mwaka 1968 chama kiliwafukuza wabunge kadha, miongoni mwao Eli Anangisye wa Rungwe, nao wakapoteza viti. Spika wakati huo alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Walakini uamuzi ulifanywa nje ya ukumbi wake.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na sharti likabaki: ibara ya 71 yasema kwamba mbunge aachaye kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza kiti. Mei 2020 CHADEMA ilimfukuza David Silinde, mbunge wa Momba mkoani Songwe, kwa kuhudhuria vikao ambavyo chama kiliagiza visuswe wakati wa ugonjwa wa korona. Spika Job Ndugai hakukitangaza kiti kuwa wazi. Silinde alikaa hadi Bunge lilipovunjwa. Oktoba akachaguliwa kwa tiketi ya CCM katika jimbo jirani la Tunduma.

Yaweza kusemwa kuwa Spika aliwahifadhi wapiga kura wa Momba, ambao chama hakikuwauliza. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini sheria ikitegemea kutamka au kunyamaza kwa mtu mmoja, hugeuka hisani.

Na hisani haimlindi hata mwenye kuitoa. Januari 2022, baada ya maneno yake juu ya mikopo ya taifa kuzua ghadhabu, Ndugai alijiuzulu, na barua yake aliielekeza kwa Katibu Mkuu wa CCM. Mwenye uwezo juu ya viti vya wengine hakuweza kukilinda chake.

Kwa hiyo mkazi wa Tunduma, ambaye shida za mpaka wake hufika Dodoma kwa kinywa cha mbunge, hana budi kuuliza: kinywa hicho kimefunguliwa na kura yake, au na mkono mwingine?